Eti ngoma ni ya damu?

Nairobi hii utaskia watu wakisema mdundo ni wa kuzaliwa nao, kama hujatoka kwa Waisukha ama Waidakho wa magharibi mwa Kenya basi isukuti, ngoma yao ya asili, achana nayo. Sivyo. Hao wameiskia tangu utotoni kwa harusi na matanga, hayo ni mazoezi ya miaka mingi hata kama hakuna aliyeyaita hivyo. Evelyn Glennie wa Uskoti alipoteza karibu uwezo wote wa kusikia akiwa na miaka 12 na bado akawa mpiga ngoma mkubwa, mtetemo anauskia kwa mwili, hupiga bila viatu. We anza polepole, mikono itachanganyikiwa (majirani wa ploti nao watalalamika), halafu siku moja mkono wa kushoto unaacha kufuata wa kulia na unajipata unacheka peke yako. Ukifika hapo tafuta wenzako wawili, isukuti ni ngoma tatu, na kusikiliza mwenzako ndio kazi yenyewe.