Tairi Lililohamia Upande wa Pili

Jumamosi moja nilimkalisha mpwa wangu mbele ya kompyuta ajaribu gemu ninayoitengeneza, ya kuunda magari kwa vipande. Akachukua tairi, akalisogeza hadi kwenye ekseli ya mbele, akaachia kipanya. Tairi likapotea.

"Mjomba, limeenda wapi?"

Nikazungusha kamera ya gemu. Lilikuwa upande wa pili wa lori, limekaa sawasawa, wala halina habari.

Kosa lilikuwa langu. Programu ilitafuta kiungio, yaani mahali kipande kinaposhikana na kingine, kilicho karibu zaidi na tairi kwa kupima mita, ndani ya dunia ya gemu. Mchezaji haoni mita. Anaona kioo bapa cha skrini, na kipanya hakijui mbele na nyuma. Tairi alilolishika lilikuwa linaelea ndani zaidi kuliko alivyodhani, kwa hiyo kwa hesabu za kompyuta jirani yake alikuwa ekseli ya kule.

Siku hizi naanza na kioo. Viungio vyote vilivyo wazi navihesabia mahali vinapoonekana kwenye skrini, kisha napima umbali wake kutoka kwenye kipanya kwa pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha. Vilivyo ndani ya pikseli 20 vinagombea. Vilivyofichwa na chesisi, yaani fremu ya gari, vinatupwa. Katika vilivyobaki, kilicho karibu na kamera ndicho kinachopewa tairi.

Kuhusu kiungio chenyewe, sikubuni kitu. Katika Kerbal Space Program, gemu ya kuunda roketi iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015, kiungio kimeandikwa kwenye faili ya kipande kwa namba: tatu za mahali, tatu za uelekeo, moja ya ukubwa. Viungio viwili vinapokutana, uelekeo wao lazima utazamane uso kwa uso. Ndiyo maana kipande hugeuzwa kwanza, kisha husogezwa. Ukisogeza kwanza halafu ukageuza kwa kuzungushia katikati yake, kiungio kinahama tena na unabaki na upenyo. Mimi huo upenyo uliniibia siku nzima.

Kilichonisumbua zaidi ni kutetemeka. Mkono wa mtu hautulii. Kipanya kikicheza kwenye mpaka wa zile pikseli 20, tairi linashika, linaachia, linashika, kama taa yenye waya mbovu. Dawa yake ni mipaka miwili: kushika kwa 20, kuachia kwa 35. Tairi likishashika, haliachii kwa kutikisika kidogo. Mwanzoni niliweka 80 kwa kuachia, nikajisifu kwa uimara. Mpwa wangu akavuta, akavuta tena, akaniuliza, "Mbona linang'ang'ania?" Nikashusha.

Niliongeza pia kivuli cha kijani kinachoonyesha kipande kitakapokaa kabla hujaachia, na sauti ndogo ya "tik". Sikutegemea, lakini ile sauti ndiyo iliyopunguza makosa yake kuliko hesabu zangu zote. Alianza kuisubiri kabla ya kuachia.

Kwenye simu mambo ni mengine. Pikseli 20 kwenye skrini yenye pikseli nyingi ni kama nukta, kwa hiyo kule napima kwa milimita. Halafu kidole chenyewe kinafunika kiungio. Kwa sasa kipande kinaelea sentimita moja na nusu juu ya kidole, na wanaotumia mkono wa kushoto wameshalalamika kwamba kimepinda upande usiowafaa.