Ndoo getini, watu shambani

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 16 Machi 2020, tena kilikuwa huku kwetu Arusha. Wiki haikuisha kabla kila geti la shamba halijawa na ndoo yenye koki, kipande cha sabuni na mlinzi anayekukazia macho mpaka unawe. Mimi ni afisa afya mazingira. Siku hizo niliitwa kwenye shamba moja la Arumeru, la maharage machanga yanayosafirishwa nje, nikathibitishe kwamba mambo yako sawa. Getini yalikuwa sawa kabisa. Nikaomba nipelekwe wanakochuma.

Tulitembea dakika kumi na nne. Vibarua walikuwa sitini hivi, wengi wao kina mama, na hapakuwa hata na kopo la maji ya kunawa. Choo kilikuwa kule kule tulikotoka, nyuma ya ofisi. Nikamuuliza mama mmoja huwa anajisaidia wapi. Akacheka kwanza.

"Bwana Afya, sisi tunalipwa kwa kilo. Nikienda huko nikarudi, wenzangu wameshajaza kreti. Ndiyo maana asubuhi sinywi maji."

Anayeshindwa kujizuia huingia kwenye migomba kando ya mfereji, na mfereji huo ndio unaomwagilia maharage. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke vyoo vya kutosha na vinavyofaa, na vyoo vilikuwepo, tena visafi. Tatizo lilikuwa umbali. Marekani waliliandika hili kwa namba tangu 1987: choo kimoja na sehemu moja ya kunawia kwa kila wafanyakazi 20, visizidi robo maili, yaani kama mita 400, kutoka walipo.

Meneja alinionyesha boksi la vitakasa mikono, akidhani amemaliza kazi. Mkono wa mchumaji ikifika saa nne asubuhi una tope hadi kwenye kucha. Kitakasa hakifanyi kazi yake vizuri juu ya tope; hapo panahitaji maji na sabuni. Hesabu yake si ngumu. Watu 60, kila mmoja anawe mara nne kwa siku, kila mara nusu lita: lita 120, ndoo kubwa sita. Trekta linalobeba kreti halishindwi kuzibeba. Tuliongeza vibuyu chirizi vya madumu ya lita tano, vinavyoning'inizwa kwa kamba, vyenye tundu la msumari na kijiti cha kukanyaga. Hivi vinatumia maji kidogo, halafu mguu ndio unaofungua. Koki ya ndoo unaishika kwa mkono mchafu, kisha unaishika tena ukiwa umeshanawa, na sijui kwa nini wakati ule ni wachache walioliona hilo.

Sabuni ya kipande haikufika jioni. Simlaumu mtu, kwa mshahara ule sabuni ni pesa. Tukakoroga sabuni ya unga kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, tukatoboa vifuniko, tukazifunga kwa kamba. Hakuna aliyezichukua.

Choo ndicho kilichotutoa jasho. Fundi wa kuchomelea alijenga vyumba viwili vya mabati juu ya trela, kila kimoja na tangi la plastiki chini, linalonyonywa na gari la majitaka. Kila wachumaji wakihamia kitalu kingine, trekta linalivuta hadi ukingoni, mbali na mfereji. Siku ya kwanza hakuna mama aliyepanda. Milango ilitazama mistari ya mavuno, na nyapara alikuwa amesimama hapo hapo na daftari lake. Kesho yake tukaligeuza, tukaweka ndoano mlangoni na pipa la taka lenye mfuniko kwa ajili ya pedi, wakaanza kwenda. Siku ya tatu trela likazama tope hadi kwenye ekseli. Ilikuwa masika, tulipaswa kulijua hilo kabla. Tangu hapo linaegeshwa juu ya kifusi.

Wapulizia dawa za wadudu niliwaweka pembeni nikawaambia jambo ambalo halikuwa kwenye mabango ya korona: nyinyi naweni kabla ya kuingia chooni, maana mikono yenu ina dawa na huko mnajishika, na mkitoka mnawe tena. Wakaangua kicheko, kisha mmoja akanyamaza akikumbuka kitu.

Mwaka uliofuata nilipita pale. Ndoo ya getini ilikuwa imekauka, koki imevunjika. Trela lilikuwa bado linazunguka, kwa kuwa wakaguzi wa wanunuzi wa Ulaya nao hupima umbali wa choo kutoka kwa mchumaji. Vibuyu chirizi vilikuwepo vinne kati ya sita. Viwili vilikatika kamba, na kamba ya katani ni ya kubadilisha kila baada ya miezi michache, kwa hiyo nunueni bunda zima mapema mkaliweke stoo.