Utrikularia haina mizizi

Utrikularia ni mmea unaonasa viumbe wadogo wa majini na wa kwenye udongo uliolowa kwa kutumia vibofu vidogo, vingi vikiwa na upana wa milimita chache tu. Kibofu husukuma maji nje hadi kuta zake zinabonyea. Kiumbe akigusa vinyweleo vya mlangoni, mlango hufunguka kwa takriban nusu ya milisekunde, maji yanavutwa ndani naye akiwa humo, kisha mlango unajifunga. Spishi zake zinapita 200, na nyingi huishi kwenye udongo mbichi, si ndani ya maji.

Basi, huo ndio mmea. Ninachotaka kukisema hasa ni kuhusu mizizi, kwa sababu kila wanapozungumza wanaoiotesha nyumbani utasikia “mizizi yake imejaa vibofu” au “subiri kipande kitoe mizizi kwanza.” Utasubiri sana. Utrikularia haina mzizi hata mmoja, na hata kiinitete kilichomo kwenye mbegu hakina ule mzizi wa mwanzo ambao maharage hutanguliza.

Nyuzi zile za chini ni stoloni, yaani mashina yanayotambaa. Otesha Utricularia sandersonii kwenye chombo kinachopitisha mwanga uzitazame kwa karibu. Utaona nyuzi nyeupe zimebanana ukutani, na vibofu vimening’inia kwenye vikonyo vifupi. Hapa na pale kuna jani linalopanda kutoka kwenye uzi huohuo hadi juu ya udongo na kugeuka kijani. Wataalamu wa mimea wamebishana muda mrefu kuhusu mahali shina la mmea huu linapoishia na jani linapoanzia. Mzizi haumo katika ubishi huo.

Wapo watakaonitajia vile vijitawi vifupi karibu na kitako cha kikonyo cha ua, vinavyoushika mmea udongoni. Vinaitwa rizoidi. Kazi yake inafanana na ya mzizi, lakini navyo ni vichipukizi vilivyobadilika.

Nang’ang’ania jambo hili kwa sababu linaharibu mimea ya watu. Anayetafuta mizizi huung’oa mmea, huukung’uta udongo, na nyuzi zote zinakatika. Mwingine huchovya kipande kwenye homoni ya kuotesha mizizi. Mwingine humwaga mbolea udongoni ili “mizizi ifyonze”, wakati mmea huu umezoea udongo maskini na mbolea huweza kuuua.

Kuuzalisha ni rahisi kuliko wanavyodhani. Kata kibonge cha udongo cha sentimita mbili au tatu pamoja na nyuzi zake, kizike kwenye mchanganyiko wa mboji ya kinamasi na mchanga uliooshwa, kisha simamisha chungu kwenye sinia lenye maji ya mvua. Usiache pakauke. Utricularia gibba, inayoelea, haihitaji hata hayo: nyofoa kipande, kitupie kwenye bakuli jingine la maji ya mvua, ukiweke kwenye mwanga.

Na ukiona nyuzi nyeupe zimechungulia kwenye matundu ya chini ya chungu, tafadhali usiseme mizizi imekosa nafasi. Ni mashina yanatafuta pa kwenda. Yakate, yafukie kwenye chungu kingine, nayo yatatoa majani.