Maendeleo endelevu ya Aktiki si kuwazuia watu kuwinda

Mazungumzo ya Aktiki, eneo la barafu la kaskazini ya mbali ya dunia, yakianza, hakosi mtu wa kusema wakazi wa huko wanahitaji "maendeleo endelevu", akikusudia kwamba barafu na wanyama visiguswe. Hiyo ni hifadhi. Maendeleo endelevu, kama Tume ya Brundtland, tume ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na maendeleo, ilivyoyaeleza mwaka 1987, ni kukidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi ya kwao. Wanaozungumzwa hapo ni watu.

Kuyachanganya mawili haya kumewaumiza Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Kanada. Nunavut, eneo lao huko, haifikiki kwa barabara kutoka sehemu nyingine za nchi. Chakula cha dukani huja kwa ndege au kwa meli za kiangazi, na bei yake ni kali. Ndiyo maana nyama ya sili, mnyama wa baharini mwenye manyoya, ni uchumi hasa, hata kama takwimu za pato haziioni. Mwindaji huua sili, nyama hugawiwa ndugu na majirani, ngozi huuzwa. Fedha ya ngozi ilinunua petroli, risasi na vipuri vya pikipiki ya theluji, akaweza kurudi kuwinda. Mwaka 1983 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku ngozi za watoto wa sili, wale weupe. Wainuit walitegemea sili wa aina nyingine, wakubwa, tena wasioadimika. Lakini wanunuzi walikimbia kila ngozi ya sili na bei ikaporomoka. Marufuku pana zaidi ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 iliruhusu ngozi za Wainuit, ila soko lilikuwa limeshaharibika. Mwindaji alibaki na haki ya kuuza, mnunuzi hayupo.

Wapo pia wanaoita endelevu chochote kinacholeta ajira. Nanisivik, kwenye kisiwa cha Baffin huko huko Nunavut, ulikuwa mgodi wa zinki uliofunguliwa mwaka 1976 pamoja na mji wake. Ulifungwa mwaka 2002, na mji ukabomolewa. Jirani yake, Arctic Bay, kijiji cha wawindaji, kingalipo.

Basi ukitaka kusema wanyama walindwe, sema hifadhi. Ni jambo jema na lina hoja zake. Ukisema maendeleo endelevu, uliza pia kama mwindaji ana petroli ya kumfikisha barafuni, na kama yupo wa kununua ngozi yake akirudi.