Kabla ya kulipia "kusafishiwa dakti", angalia maji yanapopita

Kila kaskazi inapokaribia, matangazo ya kusafisha viyoyozi huzagaa kwenye makundi ya WhatsApp, na malalamiko huja nyuma yake. Mlalamikaji wa kawaida ameshalipa, chumba kimenukia limau siku tatu, kisha uvundo umerudi na mtoto bado anaamka na chafya. Tangazo lilimwahidi "kusafishiwa dakti za nyumba nzima". Ukiuliza dakti zenyewe ziko wapi, unaoneshwa kiyoyozi cha ukutani.

Dakti ni mfereji wa bati, au wa plastiki uliovishwa sufi ya kuzuia joto, unaopita juu ya dari na kugawa hewa baridi kutoka mashine moja kwenda vyumba vingi. Hoteli zinazo, ofisi kubwa zinazo, na baadhi ya fleti mpya. Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina kiyoyozi cha vipande viwili, kimoja ndani na kimoja nje, na baina yao hamna kitu zaidi ya mabomba mawili ya shaba, waya na mpira wa kutolea maji. Kiyoyozi hicho huizungusha hewa ileile iliyomo chumbani. Hakiingizi hewa ya nje hata kidogo, na anayefunga madirisha siku nzima kwa kuamini kwamba AC inamletea hewa safi aiache imani hiyo leo. Fungua madirisha asubuhi, dakika 15 au 20, kabla jua halijakolea.

Linalotusumbua visiwani zaidi ni maji. Nje kukiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa kwetu, matone hujikusanya juu ya kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 26 hivi. Koili ya kiyoyozi, yaani yale mabomba ya baridi yenye mabati membamba yaliyomo ndani yake, iko chini ya nyuzi 15. Ndiyo maana kiyoyozi kidogo cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kinaweza kutoa lita nzima ya maji kwa saa, na wakati wa masika zaidi ya hapo. Maji hayo hudondokea kwenye trei iliyo chini ya koili, yakapita kwenye mpira, yakatoka nje. Yakichelewa popote njiani, koga huota. Vumbi ni chakula chake tu. Vumbi kavu peke yake halinuki uvundo.

Kwa hiyo kabla ya kumuita fundi, chukua tochi. Zima kiyoyozi, zima na swichi yake ya ukutani, kisha inua kwa kidole ule ubao wa chini unaoelekeza hewa. Mulika ndani. Utaiona feni ndefu yenye umbo la bomba, yenye majani membamba yaliyojipanga mzunguko mzima. Ikiwa baina ya majani hayo kuna kitu cheusi kilichoshikana kama masizi ya chungu, hapo ndipo harufu inapotoka, na hapo ndipo mafundi wengi hawafiki. Wanaosha koili kwa mbele kwa sababu inaonekana, wanapulizia manukato, wanaondoka. Kuisafisha feni vizuri kunataka kuvua kasha lote na mara nyingi trei pia, kazi ya saa moja na nusu hadi mbili. Fundi anayemaliza viyoyozi vinne kwa saa moja hajaifanya.

Mwenye nyumba ana kazi yake, nayo ni chujio, ule wavu wa plastiki unaonasa vumbi. Livue kila wiki mbili, kila wiki kama nyumba iko kando ya barabara ya vumbi au kuna paka ndani. Lioshe kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo ya maji, lianike kivulini mpaka likauke kabisa. Juani plastiki yake hupinda, likirudishwa haliketi sawasawa na vumbi hupita pembeni moja kwa moja mpaka kwenye koili. Likirudishwa bichi, umelipandia koga mwenyewe.

Na tuseme la udi. Hakuna anayekataza kufukiza, lakini kufukiza huku madirisha yamefungwa na AC inazunguka ni kuivutisha koili moshi wenye mafuta. Moshi wa udi, ubani na ile dawa ya mbu ya kuwasha huacha utando unaonata juu ya mabati membamba ya koili, na vumbi likishanata hapo halitoki kwa maji matupu. Zima AC, fukiza, fungua dirisha nusu saa, ndipo uwashe. Chetezo chenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari nyingine kabisa: gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, na inaua.

Sasa kazi ya fundi, hatua kwa hatua, ili ujue unalipia nini. Umeme uzimwe kwenye breka, si kwa rimoti. Kadi ya umeme, ule ubao wa saketi unaokiendesha kiyoyozi, ambayo kwa kawaida iko upande wa kulia, ifunikwe kwa nailoni. Turubai la kukingia lifungwe chini ya kiyoyozi, mdomo wake uishie kwenye ndoo. Koili inyunyiziwe dawa maalumu ya koili, isiyo tindikali kali, iachwe kama dakika 10, kisha isuuzwe kutoka juu kwenda chini kwa pampu ndogo ya mkono. Mashine ya kuoshea magari haifai: nguvu yake hulaza yale mabati, na mabati yaliyolala hayapitishi hewa tena. Jiki nayo isitumike, kwani klorini hula alumini na shaba, na mvuke wake chumbani unachoma kifua. Feni izungushwe kwa mkono na kusuguliwa jani moja moja kwa brashi laini mpaka maji yanayodondoka ndooni yawe meupe. Hiyo ndoo iangalie mwenyewe. Maji ya mwanzo huwa meusi kama wino; ikiwa tangu mwanzo mpaka mwisho ni meupe, ama kiyoyozi kilikuwa safi ama hakikuguswa.

Mpira wa maji ndio unaoharibu ukuta wa watu. Ushuke muda wote, angalau sentimita moja kwa kila mita, usiwe na tumbo pa kukaa maji. Ute wa koga unaoziba hufyonzwa kutoka upande wa nje. Ukipulizwa kuelekea ndani, uchafu wote unarudi kwenye trei. Mwisho fundi amwage lita moja ya maji kwenye trei na nyote muyaone yakitoka nje bila kusita. Kuna mtindo wa kuuchomeka mpira huu kwenye bomba la choo au karo ili maji yasionekane. Usikubali. Kiyoyozi kikizimwa, hewa ya karo hupanda kupitia mpira huohuo mpaka juu ya kitanda, na mende nao wanaifuata. Halafu mtu anasema AC inanuka.

Ndani ya Mji Mkongwe kuna jambo la ziada. Kuta za mawe na chokaa hunyonya maji na kuyatoa polepole. Maji ya AC yakiachwa kutiririka ukutani, chokaa hulainika na kubomoka; na ukuta uliopigwa saruji na rangi ya plastiki kwa ndani hauwezi kupumua, kwa hiyo koga inaota hata kama kiyoyozi ni kipya. Hakuna usafishaji wa AC utakaoponya ukuta huo. Pia kubadili sura ya nje ya nyumba za huko, ikiwamo kutundika mashine za AC, kunahitaji kwanza ridhaa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Watu hutundika kwanza na kuuliza baadaye.

Mashine ya nje isisahauliwe. Upepo wa bahari unaleta chumvi, na Nungwi, Paje au Mkoani koili ya nje inaweza kuliwa kabla ya mashine yenyewe kuchoka. Isuuzwe kwa maji matamu kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa, kutokea ndani kwenda nje. Maji ya kisima chenye chumvi yanaongeza tatizo lilelile unalolikimbia.

Kazi ikiisha, kiyoyozi kiwashwe dakika 15 hadi 20 na hewa ipimwe kwa kipimajoto pale inapoingia na pale inapotokea. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Na nyumbani kiweke kwenye 24 au 25. Kukiweka kwenye 16 hakupozi upesi zaidi. Kabla ya kukizima asubuhi, kiache kwenye feni tupu nusu saa ili koili ikauke.

Kwa wenye dakti za kweli, yaani nyumba za wageni, ofisi na fleti zenye mashine moja ya kati, kusafisha si jambo la kila mwaka kama matangazo yanavyosema. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, linaeleza kwamba haijathibitishwa kuwa kusafisha dakti kunazuia maradhi, na linashauri kazi hiyo ifanyike pale tu kunapokuwa na sababu: koga inayoonekana kwa macho ndani ya mfereji, panya au wadudu, au vumbi jingi linalotoka kwenye matundu. Sisi huongeza moja, nayo ni baada ya ujenzi, kwani vumbi la saruji na la mbao huingia kwenye dakti zilizoachwa wazi.

Ikifanyika, ifanyike hivi. Mashine kubwa ya kufyonza yenye chujio la HEPA, lile linalonasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikroni 0.3, hufungwa kwenye dakti kuu. Matundu yote huzibwa, kisha hufunguliwa moja baada ya jingine, na brashi au mjeledi wa hewa hupitishwa kutoka mbali kuja kwenye mashine huku inafyonza. Kufyonza kwa kisafishio cha zulia kwenye mdomo wa tundu ni mchezo. Koili, trei na feni kuu zisafishwe siku hiyohiyo, la sivyo uchafu unarudi. Matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya kazi yazibwe kwa bati na sufi ya nje irudishwe bila mwanya, kwa sababu dakti iliyo uchi juu ya dari yetu hutoka jasho, na jasho hilo linadondokea kwenye jipsamu. Sufi ya ndani ikishalowa na kuota koga haisafishiki. Inatolewa na kutupwa. Dakti laini za kukunjwa huchanika kwa brashi, mara nyingi ni nafuu kuzibadilisha. Zile mashine za kutoa ozoni "kuua vijidudu" zikataliwe: ozoni ya angani inatukinga na jua, ozoni ya chumbani inawasha mapafu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye gesi, ambako uvumilivu wetu unapungua. Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Haiishi. Ikipungua, imevuja, na fundi anayeongeza gesi kila miezi sita bila kutafuta pa kuvuja anakuuzia kitu kilekile mara mbili kwa mwaka. Mara nyingi mvujo uko kwenye nati za mabomba ya shaba au kwenye koili iliyoliwa na chumvi, na povu la sabuni linatosha kuuonesha. Baada ya kuziba, hewa itolewe kwa pampu ya vakumu na gesi ipimwe kwa mizani kulingana na kibandiko cha mashine ya nje. Soma kibandiko hicho. Gesi za aina ya R-22, R-410A na R-32 hazibadilishani, na R-32 inaweza kushika moto, kwa hiyo hapavutwi sigara wala hapachomelewi hovyo.

Kuiachia gesi hewani "ili isisumbue" ni kwenda kinyume na lengo la Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni ambao Tanzania imejiunga nao. R-22 hula tabaka la ozoni, na kundi lake linaondolewa kwa ratiba inayozihusu nchi zinazoendelea: asilimia 10 ilipunguzwa ifikapo 2015, asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na 2030 inakoma, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo kitakachoendelea hadi 2040. R-410A na R-32 haziuli ozoni lakini zinapasha dunia joto, R-410A zaidi ya mara 2,000 ya hewa ya ukaa kwa uzito uleule, nazo zinashughulikiwa na Marekebisho ya Kigali ya 2016 ya itifaki hiyohiyo. Kwa mwananchi maana yake ni fupi: ukiuziwa leo kiyoyozi cha R-22 kwa bei ya kutupa, kesho gesi yake itakuwa adimu na ghali. Fundi afyonze gesi kwenye mtungi, asifungue nati na kuiacha ipige mbinja.

Kumdanganya mteja kuhusu huduma ni kosa, na Sheria ya Ushindani Halali na Kumlinda Mtumiaji Nam. 5 ya 2018 ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ambako malalamiko kama haya hupelekwa. Ukienda, beba risiti iliyoandikwa kazi yenyewe, si neno "servisi" pekee: aina ya kiyoyozi, kilichosafishwa, aina ya gesi na uzito wake kama iliongezwa. Beba picha ya feni kabla na baada, na ya kibandiko cha mashine ya nje. Tangazo la WhatsApp lihifadhi kabla halijafutwa, pamoja na tarehe. Risiti idaiwe kabla fundi hajakunja turubai lake. Akishashuka ngazi, inakuwa neno lako na lake.