Kuoanisha Jibini na Kinywaji ni Nini?

Kuoanisha jibini na kinywaji maana yake ni kuvichagua viwili hivyo ili kila kimoja kimpendezeshe mwenzake mdomoni. Wengi huuogopa ujuzi huu wakiamini ni wa wataalamu wa mvinyo peke yao. Kumbe msingi wake ni mambo machache ambayo kila ulimi unayajua: mafuta, chumvi, uchachu, utamu na ukakasi. Mwenye kuelewa yanavyokutana anaweza kuandaa sinia la sikukuu bila wasiwasi.

Tuanze na mafuta. Jibini laini lenye ganda jeupe, mfano Brie, huacha utando ulimini, na baada ya vipande viwili vitatu ladha yake hufifia. Kinywaji kichachu huuondoa utando huo, na mapovu husaidia zaidi. Ndiyo sababu shampeni hupatana sana na jibini la aina hii: ukipiga funda moja, kipande kinachofuata unakionja upya.

Chumvi nayo hupenda utamu, na hapa ndipo penye raha kuliko kwingine kote. Chukua Roquefort, jibini la maziwa ya kondoo kutoka kusini mwa Ufaransa, lenye mishipa ya ukungu wa buluu. Likiliwa peke yake ni kali, la chumvi, na linachoma kidogo kwenye kingo za ulimi. Sasa kunywa Sauternes kidogo, mvinyo mtamu wa Bordeaux unaotokana na zabibu zilizoshambuliwa na ukungu unaopunguza maji na kuacha sukari nyingi. Ukali unatulia papo hapo, chumvi inapungua makali, na mvinyo ulioonekana mtamu kupita kiasi unapata uchangamfu. Waingereza hufanya vivyo hivyo kwa Stilton, jibini lao la buluu, na mvinyo wa Port, ambao hubaki mtamu kwa sababu huongezewa pombe kali ya zabibu kabla chachu haijaimaliza sukari.

Mvinyo mwekundu ndio unaoleta matatizo mengi, ingawa ndio watu huufikiria kwanza. Una tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na tanini ndiyo huleta ukakasi. Jibini gumu lililokomaa, kama Parmigiano-Reggiano, ambalo halitoki ghalani kabla ya miezi 12, lina protini na mafuta ya kutosha kuutuliza ukakasi huo. Lakini ukinywa mvinyo mwekundu mzito pamoja na ganda la Brie, mara nyingi unabaki na uchungu na ladha kama ya chuma. Kwa hiyo nasema bila kusita: kama utafungua chupa moja tu kwa ajili ya sinia zima, iwe ya mvinyo mweupe.

Kuna pia kanuni ya wakulima, kwamba vilivyozaliwa pamoja hupatana. Katika kijiji cha Chavignol, Ufaransa, hutengenezwa jibini dogo la maziwa ya mbuzi, na vilima vilivyokizunguka hutoa Sancerre, mvinyo mweupe wenye uchachu unaolingana na uchachu wa jibini lenyewe. Huko Somerset, Uingereza, cheddar, jibini gumu la huko, huliwa na saida, kinywaji cha tufaha zilizochachushwa. Kanuni hii ni pa kuanzia tu, maana maeneo mengi yenye jibini zuri hayana zabibu kabisa.

Bia, kwa maoni yangu, haijapewa heshima inayostahili. Ina mapovu, haina ukakasi mwingi, na bia nyeusi yenye harufu ya shayiri iliyokaangwa inafaa mno kwa Gouda ya zamani, jibini gumu la Uholanzi, ile yenye chembe ngumu zinazovunjika menoni na ladha inayokaribia sukari iliyounguzwa.

Wageni wasiokunywa pombe wasiachiwe soda yoyote iliyopo, kwa kuwa kanuni ni zilezile. Juisi ya tufaha yenye mapovu hufaa cheddar na jibini laini. Juisi ya zabibu nyeusi, tamu na nzito, hulitosheleza jibini la buluu. Chai ya rangi isiyo na sukari ina tanini pia, na joto lake huyayeyusha mafuta ya jibini gumu.

Siku yenyewe, aina tatu zinatosha: laini moja, gumu moja, la buluu moja, kwa kadirio la gramu 30 za kila aina kwa mtu. Wageni waanze na lisilo kali na wamalizie na buluu, kwani ukilitanguliza hilo, mengine hayatasikika. Litoe jibini kwenye friji saa moja kabla, maana baridi huficha harufu na kuyagandisha mafuta. Mvinyo mweupe nao hupoteza ladha ukiwa baridi mno, hivyo utoe dakika kama 15 kabla ya kumimina.