Ridhaa ya mshiriki: maana yake katika utafiti wa saikolojia

Ridhaa ni kukubali kwa hiari kushiriki utafiti baada ya kuelezwa, kwa lugha unayoielewa, utafanyiwa nini, kuna hatari gani, na kwamba unaweza kuacha wakati wowote. Wengi wakilisikia neno hili hufikiria fomu na sahihi. Sahihi ni kumbukumbu tu. Mtu anaweza kuridhia saa tatu, na saa tatu na nusu ridhaa ikawa imekwisha.

Jaribio la Stanley Milgram katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, lililoanza mwaka 1961, linaonyesha jambo hili vizuri. Wanaume 40 walialikwa kwa utafiti walioambiwa ni wa kumbukumbu na kujifunza. Walilipwa dola 4 za kushiriki na senti 50 za nauli, wakaambiwa pesa ni zao hata itokee nini. Kisha kila mmoja akaketishwa mbele ya mashine yenye swichi 30, kutoka volti 15 hadi 450, ampige shoti mtu wa chumba cha pili kila anapokosea jibu, akipanda swichi moja kila mara. Kwenye volti 300 yule mtu aligonga ukuta. Baada ya 315, kimya.

Yule mtu hakupigwa shoti yoyote. Alikuwa ameandaliwa kuigiza. Jasho la mshiriki ndilo lililokuwa la kweli. Walitetemeka, wakauma midomo, wakashikwa na kigugumizi. Aliyetaka kuacha alihimizwa aendelee, na akizidi kugoma aliambiwa: huna njia nyingine, lazima uendelee. Watu 26 walifika volti 450.

Mwaka 1964 mwanasaikolojia Diana Baumrind alilipinga jaribio hilo hadharani, na mjadala mwingi tangu hapo umekuwa juu ya uongo walioambiwa washiriki. Uongo ni tatizo kweli: siku hizi kamati ya maadili huuruhusu tu pale ambapo hakuna njia nyingine na hautamuumiza mtu, na mshiriki lazima aelezwe ukweli baadaye. Lakini mimi naona kosa kubwa zaidi ni ile kauli ya "huna njia nyingine". Njia ilikuwepo, mlango ulikuwepo, na mwenye kujua hivyo alimficha aliyekuwa akiteseka.

Shinikizo la namna hiyo halihitaji maabara. Mtafiti akiingia nyumbani na mwenyekiti wa mtaa, akamuuliza mama kama amekuwa na huzuni tangu ajifungue, mama atajibu "sawa, uliza" kwa heshima ya mgeni. Hapo bado hajaridhia. Mwenyekiti aombwe apishe kwanza, ndipo mama aulizwe upya, wakiwa wawili. Na akifika katikati ya dodoso akainamisha kichwa, akaanza kuvuta ncha ya kanga yake bila kujibu, mtafiti aweke kalamu chini, amuulize kama waishie hapo, na nauli aliyoahidiwa ampe yote.